Kavu

Stoo yetu iko Keko, nyuma ya wachonga vitanda:
chumba cha zege, dirisha la nondo, mlango wa kufuli tatu.
Kibali kimebandikwa ukutani, nacho kimejikunja
kwa unyevu, kama jani la tumbaku.

Mimi ndiye mtunza stoo. Bunduki sijawahi kuilenga popote.
Risasi nazijua kama mpishi aliyefunga ajuavyo chumvi:
kwa mkono, kwa uzito,
kwa mlio wa ganda likigusa ganda.

Fundi wetu ni Lubengo. Hujaza mwezi wa pili,
feni kaizima isimpeperushie baruti,
kitambaa kakifunga kwenye paji la uso
jasho lisije likadondoka sahanini.
Hupima punje kwa punje. Lori la mbao likipita nje
sindano ya mizani hutetemeka, naye husubiri
mpaka mtaa mzima utulie.
"Joto la mji huu lina sifa," huniambia.
"Baruti ikipimwa Keko inajiona.
Ngoja iamkie porini mwezi wa saba,
alfajiri, vidole vimekufa ganzi,
uone risasi inavyochoka njiani."
Kisha huandika juu ya kila kasha
tarehe, joto la chumba, jina lake.

Yangu huanza yake ikiisha.
Makopo ya bati yenye mpira mdomoni.
Vifuko vya chembe za kunyonya maji:
zikiwa buluu bado zina kiu,
zikigeuka waridi zimeshiba, nizikaange upya
kwenye sufuria isiyopikiwa chakula.
Na daftari. Kila asubuhi, safu ya mwisho,
neno moja: kavu, au mbichi.

Masika yale maji yalipita chini ya mlango.
Si mengi. Ya kulowesha soksi.
Shule ya mwanangu ikapiga simu: njoo, bonde limejaa.
Kopo namba kumi na nne lilikuwa wazi mezani.
Nilibana kifuniko kwa kiwiko,
sikusikia mpira ukikaa,
nikaandika kavu
huku miguu yangu imeshafika barabarani.

Mwezi wa saba, nyati. Risasi ya kwanza ilimjeruhi.
Ya pili ilisema *tik*.
Basi. Tik, kama ulimi wa mtu anayesikitika.
Na kati ya mdomo wa bunduki na pembe
alikuwa amesimama Nandonde, msoma nyayo,
ana fimbo.

Kopo lilirudi na risasi kumi na tisa.
Lubengo alizifungua moja moja, usiku, mlango umefungwa.
Kumi na nane baruti ilimwagika kama mchanga wa kiangazi.
Moja ilikuwa na uzi wa kijani shingoni,
mwembamba kuliko unywele.
Nikamwonyesha daftari.
Akalitazama kitambo.
"Fataki nilizotumia zilikuwa za mwaka juzi," akasema,
"na wewe hukuniuliza."
Tukazima taa. Hatujalizungumza tena.

Jana Nandonde kaja kuchukua malipo yake,
gongo kwapani, mguu mmoja wa suruali umepindwa na pini.
"Stoo, hujambo?"
"Sijambo."
Sikupata neno jingine. Nilikuwa nimeyaandaa mengi,
tangu mwezi wa saba nayapanga kwenye rafu.
Akaangalia makopo, akaangalia dari.
"Hivi vifuko vyenu," akasema, "nipe kimoja.
Vyeti vya wanangu vinaota ukungu kule Mbagala,
na mkubwa anaitwa usaili."

Nikamchagulia vinne, vyote buluu.
Nikamfungia ndani ya nailoni, nikalikaza fundo,
nikalifungua,
nikalikaza tena.